Ukikosa Mlimani, Umekosa Nini?

Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka mwezi Julai, kuna maneno mawili yanayozunguka katika nyumba nyingi za Tanzania: "Amekosa Mlimani." Husemwa kwa sauti ya chini, kama habari ya msiba mdogo. Anayeambiwa huuliza, "Sasa ataenda wapi?" Jibu likiwa Dodoma, Mzumbe au Mbeya, hupokewa kwa "Aa, si haba." Nyuma ya hiyo "si haba" imejificha methali ambayo hakuna anayethubutu kuitamka mbele ya mtoto: ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa.

Mpwa wangu mmoja aliniletea jambo hilo kwa adabu zaidi. "Shikamoo mjomba. Nitafutie chuo kinachofanana na Mlimani." Nikamwitikia, kisha nikamwuliza: kinachofanana nayo kwa lipi? Alikaa kimya. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Alikuwa ametaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu darasa la saba, lakini hakuwahi kukifungua kama mtu afunguavyo kifurushi, aone ndani mna nini. Na mtu asiyejua kilichomo ndani ya kitu hawezi kukitafutia mfano wake.

Nitajaribu kukifungua kifurushi hicho hapa. Nitakachokikuta, nakisema mapema: sehemu kubwa ya kile ambacho wazazi wetu walikiita Mlimani haipo tena Mlimani. Imetawanyika nchini kwa miaka 40 sasa, na anayeng'ang'ania kilima huenda anang'ang'ania jina.

Chuo kilichozaa vyuo

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15, nacho kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kikahamia juu ya Observation Hill, na hapo ndipo watu walipoanza kusema Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 ule muungano wa vyuo vitatu ulivunjika, kila nchi ikabaki na chake, na Mwalimu Nyerere akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa miaka 14 baada ya hapo, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu hicho kimoja. Daktari, mhandisi, mwanasheria, bwana kilimo, wote walipita mlango huo. Ni miaka hiyo, pamoja na michache iliyoitangulia, iliyokipa chuo sauti iliyosikika mbali: Walter Rodney alifundisha hapo, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka 1972, na Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi hapo kati ya 1967 na 1970. Heshima tunayoiona leo katika uso wa babu anapotaja Mlimani ni heshima ya wakati huo, ambapo kusema "Mlimani" na kusema "chuo kikuu" kulikuwa kitu kimoja.

Kisha watoto wakaanza kuhama. Kitivo cha kilimo, kilichokuwa Morogoro tangu 1969, kilipandishwa Julai 1984 kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kikibeba jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki Aprili mwaka huohuo. Kitivo cha tiba kiligeuka chuo kishiriki cha Muhimbili mwaka 1991, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Taasisi ya Ardhi iliingizwa chini ya Mlimani mwaka 1996, ikatoka 2007 ikiwa Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka 2005 Mlimani ilianzisha vyuo viwili vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE pale Mkwawa, Iringa. Hivi viwili havijatoka nyumbani hadi leo: mhitimu wake hupewa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa hiyo mtoto anayetaka udaktari na kulia kwamba amekosa Mlimani analilia kaburi lisilo na maiti. Muhimbili si mbwa wa ile methali. Ni binti aliyeolewa, akajenga nyumba yake, na siku ya kuondoka akabeba vyungu vya mama. Mama amekuwa akinunua vyungu vipya. Leo Mlimani ina chuo cha sayansi za afya mjini Mbeya na imeanzisha upya masomo ya kilimo. Lakini chungu kipya hakijazoea moto kama kile kilichokwenda.

Wakenya wanaujua mwendo huu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa chini ya Nairobi hadi 1985, nacho kikaja kuilea Jomo Kenyatta ya kilimo na teknolojia hadi iliposimama yenyewe mwaka 1994. Chuo kikuu cha kwanza cha taifa huzaa, kisha hushindana na wanawe.

Anayekataa si chuo

Jambo la pili linalopotosha ni neno lenyewe, "kukosa Mlimani". Mfumo wa udahili hauna mlango unaoitwa Mlimani. Una milango ya programu, mmoja mmoja.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huweka sifa za chini. Kila alama ya somo la kidato cha sita ina pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa programu nyingi mwombaji anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4 au zaidi. Udaktari wa binadamu unadai masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa pointi zisizopungua 6, yaani angalau D tatu. Wazazi wengi husoma hapo na kufurahi. Lakini pointi 6 ni tiketi ya kusimama kwenye foleni tu. Nafasi ni chache, waombaji huwekwa kwa mpangilio wa ufaulu, na mwenye D tatu huishia kuona migongo ya wenye A na B.

Matokeo yake, ushindani haufuati jina la chuo. Nafasi ya udaktari Muhimbili ni ngumu kuipata kuliko nafasi za programu nyingi za Mlimani. Na ndani ya Mlimani yenyewe, programu moja hufurika waombaji katika dirisha la kwanza la maombi wakati nyingine bado inatafuta watu katika dirisha la pili. Mtoto aliyekosa uhandisi wa umeme hakukosa Mlimani. Alikosa kiti kimoja katika darasa moja.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mwenye tahasusi ya PCM aliyetaka uhandisi anakosa, dirisha la pili linafunguliwa, anaona Mlimani kuna nafasi katika programu ambayo hajawahi kuifikiria. Anaichukua, ili mradi aseme yuko Mlimani. Anaacha uhandisi uleule aliokuwa akiutaka, uliokuwa unamsubiri Mbeya. Miaka minne baadaye ana cheti chenye jina alilolipenda na taaluma asiyoipenda. Nimewaona wa namna hiyo, na nimewaona wakirudi kuanza upya wakiwa na miaka 28.

Fani kwa fani

Swali la chuo kinachofanana lijibiwe basi kwa fani, kwa sababu kila fani ina kipimo chake.

Tiba hupimwa kwa hospitali. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kitandani pa mgonjwa kuliko ubaoni. Nguvu ya Muhimbili ni kwamba ina Hospitali ya Taifa ubavuni, pamoja na taasisi ya mifupa MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete katika eneo hilohilo. Anayetafuta kinachofanana atafute hospitali ya rufaa ya kanda yenye wagonjwa wengi na mabingwa wa kutosha. Atazikuta Bugando, Mwanza, kilipo chuo cha tiba cha CUHAS. KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa 1971 na yenye chuo chake cha tiba. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inayotumiwa na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Bugando na KCMC zina faida ambayo watu wa Dar es Salaam hawaizungumzi: hupokea wagonjwa wa kanda nzima, kutoka vijijini, wenye maradhi ya kila aina na mara nyingi yaliyochelewa. Kwa anayejifunza, huo ni utajiri wa huzuni. Kasoro yao ni ada. Vyuo hivyo viwili ni vya mashirika ya dini, na ada zao ni mara kadhaa ya ile ya Muhimbili.

Uhandisi hupimwa kwa karakana. Kitivo cha uhandisi cha Mlimani kilifunguliwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani, na wahandisi waandamizi wengi wa nchi hii wametoka humo. Lakini karakana haziko kilimani tu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, miaka minne kabla Mlimani haijazaliwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilikuwa chuo cha ufundi tangu 1986. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kwa magari na ndege, na Chuo cha Maji pale Ubungo. Tofauti ni ya malezi. Mlimani humpa mwanafunzi hesabu na nadharia kwa wingi, kisha humtuma akajifunze spana wakati wa mafunzo kwa vitendo. Vyuo vyenye asili ya ufundi humwanza na spana. Mwenye nia ya kubuni na kufanya utafiti atafaidi njia ya kwanza, na mwenye nia ya kusimamia kiwanda au kufungua gereji yake atafaidi ya pili. Kwa kompyuta na mifumo ya habari, UDOM ina chuo kizima kwa fani hiyo, CIVE, na waajiri wanakijua.

Sheria na utawala. Mlimani ilianza na sheria, na kitivo hicho bado kina uzito wake. Mshindani wake wa muda mrefu yuko kilomita ishirini na kitu kutoka mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mzumbe ilianza 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa enzi za mkoloni, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu 2001. Ukitembea katika halmashauri za wilaya za nchi hii ukawauliza maofisa utumishi na mipango walikosoma, utalisikia jina la Mzumbe mara nyingi kuliko unavyodhani. Rais Samia Suluhu Hassan alipata stashahada yake ya juu ya utawala wa umma hapo mwaka 1986. Kwa sheria wapo pia UDOM, SAUT ya Mwanza, na Zanzibar University ya Tunguu, inayofundisha sheria pamoja na sharia ya Kiislamu.

Biashara na uhasibu. Mlimani ina shule yake ya biashara, lakini Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kiko katikati ya jiji tangu 1972, hatua chache kutoka benki na wizara, na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilikuwapo tangu 1965. Hapa Mlimani haijawahi kuwa peke yake, na sioni sababu ya mtu kuomboleza.

Ualimu. Anayetaka kitu kilicho karibu na Mlimani kuliko vyote ameshakijua: DUCE na MUCE. Shahada ni ileile, na wasimamizi wa ubora ni walewale. Anayeiona Iringa kama uhamisho wa adhabu hajawahi kulala hapo mwezi Juni akiwa na blanketi na kitabu.

Kilimo, mifugo na misitu ni Sokoine, na swali limekwisha. Mipango miji, upimaji ardhi na usanifu majengo ni Ardhi, ambayo iko jirani na Mlimani kiasi kwamba wanafunzi wa pande zote mbili hupanga vyumba Changanyikeni na Makongo.

Kwa Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kilichoanza kufundisha 2001, kimewapunguzia vijana wengi wa Unguja na Pemba ulazima wa kuvuka bahari. Tangu 2023 Zanzibar ina pia tawi la IIT Madras ya India, linalofundisha sayansi ya data na akili bandia. Ni jambo geni: mtoto wa Tanga au Mombasa anayetaka fani hiyo hana sababu ya kuitazama Dar es Salaam kwanza.

Vile ambavyo havina mfano

Nisimdanganye msomaji. Viko vitu Mlimani inavyo ambavyo huwezi kuvikuta pengine kwa kipimo kile.

Kiswahili ni kimojawapo. TATAKI iliundwa 2009 kwa kuunganisha idara ya Kiswahili na ile taasisi ya uchunguzi, TUKI, iliyoitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Unaweza kusoma Kiswahili vizuri Dodoma au SUZA, lakini hazina ya majarida, tasnifu na wazee wa taaluma iko kilimani. Sayansi ya bahari ni ya pili: taasisi ya Mlimani ipo Zanzibar tangu 1978. Akiolojia na sanaa za maonyesho nazo zina mizizi huko, ingawa kwa anayetaka kucheza, kuchonga na kupiga ngoma kuliko kuandika tasnifu, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa.

Maktaba ni kitu kingine. Ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018 inaweza kuhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na maktaba ya zamani ina makusanyo ya Afrika Mashariki ambayo mtafiti wa historia hawezi kuyakwepa. Kuna pia mijadala. Tangu Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere kilipoanza 2008, Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameweza kuingia Ukumbi wa Nkrumah bila kulipa senti na kumsikiliza mtu aliyemsoma vitabuni.

Na kuna watu. Mwenzako wa chumbani leo ni katibu mkuu wa kesho. Hili ndilo wazazi wanalolijua bila kulisema, na wana haki. Lakini tulipime. Katika marais sita wa Jamhuri ya Muungano, waliosoma shahada Mlimani ni wawili, Jakaya Kikwete na John Magufuli. Nyerere alipitia Makerere na Edinburgh, Mkapa alipitia Makerere, Ali Hassan Mwinyi alisomea ualimu, na Samia, baada ya Mzumbe na Manchester, alipata shahada ya uzamili kupitia Chuo Kikuu Huria. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, ni daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Marmara, Uturuki. Mfano wa marais hauthibitishi mengi, maana wachache wao walisoma wakati hakukuwa na Mlimani kabisa. Unathibitisha tu kwamba mlango wa Ikulu haudai cheti cha kilimani.

Wanaosawazisha

Katika taaluma nyingi, baada ya chuo kuna mlango mwingine ambao hauulizi ulitoka wapi.

Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili lazima apite Law School of Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007. Hapo wa Mlimani, Mzumbe, Tumaini na SAUT hukaa benchi moja. Mwaka 2022 nchi ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu mitihani yote kwa mkupuo mmoja, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ulikuwa mkali, lakini hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya jina la chuo chake.

Mhasibu naye, hata akiwa na shahada ya wapi, atakalia mitihani ya bodi ya NBAA ili aandike CPA mbele ya jina lake. Mhandisi husajiliwa na bodi ya ERB baada ya miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Daktari hufanya utarajali mwaka mmoja kabla ya usajili kamili. Na nafasi nyingi za serikalini zinapitia Sekretarieti ya Ajira, ambako usaili wa mchujo ni karatasi ya maswali. Karatasi haina macho ya kuona ulivaa joho la rangi gani.

Sekta binafsi haiko hivyo kila mahali. Bado zipo ofisi ambazo bosi akikuta cheti cha chuo alichosoma yeye, anatabasamu. Ila bosi huyo anazeeka, na wanaoingia mahali pake wametoka UDOM, chuo kilichoanzishwa 2007 juu ya vilima vya Chimwaga kikiwa kimekusudiwa kufikia wanafunzi 40,000. Miaka kumi ijayo tabasamu litahama.

Ada, chumba na bumu

Ada za vyuo vya umma hazipishani sana. Kinachopishana ni maisha. Mkopo wa chakula na malazi ambao wanafunzi huuita bumu ni Sh10,000 kwa siku, uwe Dar es Salaam au Iringa. Shilingi hiyo moja hununua vitu tofauti. Sinza au Changanyikeni inaishia kwa mwenye nyumba na kwa nauli. Iringa, Mbeya au Mzumbe inabakisha ya kununua vitabu. Mlimani imejitahidi, na hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017 ziliongeza vitanda 3,840, lakini wanaobaki nje bado ni wengi, na geto la watu wanne si mahali pa kusomea hesabu za usiku.

Umbali nao si ule wa zamani. Tangu treni ya SGR ianze 2024, Morogoro ni chini ya saa mbili kutoka Dar es Salaam, na Dodoma ni karibu saa tatu na nusu. Mzazi wa Temeke anayehofia kumpeleka binti yake Sokoine ajue kwamba siku ya foleni mbaya atafika Morogoro kabla hajafika Ubungo.

Kwa vyuo binafsi, soma barua ya mkopo vizuri kabla ya kushangilia. Bodi ya Mikopo hailipi ada yote kila mara, na pengo hulipwa na familia kwa miaka mitano. Shamba la babu limeuzwa mara nyingi kwa ajili ya mwaka wa tatu wa udaktari.

Njia za kuzunguka

Anayetaka jina la Mlimani kwa dhati ana njia nyingine ya kulifikia: alichukue baadaye. Soma shahada ya kwanza unakopata programu yako, faulu vizuri, kisha omba uzamili kilimani. Cheti cha mwisho ndicho waajiri wengi hukisoma kwanza, na katika darasa la uzamili ndimo utakapoonana na maprofesa ana kwa ana. Kwa sayansi, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inafundisha uzamili na uzamivu tu.

Ambaye pointi zake hazikutosha asikimbilie kurudia mtihani kabla ya kufikiri. Stashahada katika chuo kilichosajiliwa na baraza la NACTVET humfungulia mlango wa shahada, na akiingia anakuwa tayari na ujuzi wa mkono. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha 1994, kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa na kina vituo mikoani kwa wanaofanya kazi. Usiichukulie Huria kama mahali pa waliochoka. Inamdai mwanafunzi nidhamu ya kusoma usiku bila kengele, na wengi huiacha njiani kwa sababu hiyo.

Makerere na Nairobi ni mama wakubwa, dada za Mlimani tangu siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wapo pia wanaokwenda Uturuki, India na China. Kwa yeyote anayevuka mpaka, neno ni moja: pita TCU kwanza upate barua ya kutokuwa na pingamizi, na hakikisha chuo hicho kitatambuliwa ukirudi. Shahada isiyotambuliwa ni picha ya ukutani.

Vipimo vitano

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji apime kila chuo kwa maswali haya, kwa fani yake, bila kujali umaarufu wa chuo kizima.

Kwanza, je, programu yenyewe imo katika mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu? Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Jengo zuri na tangazo la redioni havikuwasaidia waliokuwa wamekwisha kulipa.

Pili, nani anafundisha? Fungua orodha ya walimu wa idara, hesabu wenye shahada ya uzamivu katika fani hiyo, na uangalie ni wangapi wa kudumu. Orodha za kimataifa za vyuo bora hupima zaidi utafiti au ukubwa wa tovuti. Hazikwambii kama mwalimu wa takwimu anaingia darasani.

Tatu, vitendo viko wapi? Hospitali gani, karakana gani, mahakama gani, shamba gani.

Nne, bodi ya taaluma inakitambua? Mpigie simu msajili wa bodi. Ni dakika kumi.

Tano, wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi? Watafute wawili. Usiwaulize kama walifurahi. Waulize waliajiriwa na nani, na ni watu wangapi wa darasa lao waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli.

Mpwa wangu aliyafanya hayo. Alijaza fomu za vyuo vinne, akachaguliwa viwili, na ilipofika siku ya kuthibitisha kwa namba ya siri ya TCU, aliweka kimoja ambacho hakikuwa kilimani. Mama yake alininunia wiki mbili. Sijui kama mtoto alichagua vizuri. Hilo litajulikana baada ya mahafali. Najua kwamba alichagua programu.

Kwa wazazi watakaokaa na watoto wao Julai ijayo: likitoka jina la chuo kinywani mwa mtoto, msimpinge na msimshangilie. Mwulizeni anachotaka kusoma, kisha fungueni mwongozo wa TCU pamoja, ukurasa wa programu hiyo, na mwanze kusoma kutoka hapo.